Kabla hujashuka mlangoni mwa Mto Pangani, tazama mwezi

Kwa miguu, Pangani ni pepesi. Mlima wa kutisha hakuna, labda kile kilima cha Bweni ng'ambo ya mto, ambacho shangazi yangu mwenye magoti mabovu alikipanda kwa kupumzika mara tatu. Njia zenyewe ni za baiskeli na wachuuzi wa samaki: zinapita chini ya minazi, zinakata mashamba, kisha zinakutoa mchangani pale mto unapoingia Bahari ya Hindi. Kinachowatesa wageni ni saa. Wanafika saa sita, jua liko utosini, maji yanajaa, pantoni ndiyo kwanza imeondoka, halafu wanarudi Tanga wakisema Pangani pagumu.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga begi, jua mwezi uko wapi. Ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hutoka mbali na kurudi kwa wingi. Pwani yetu bamvua ina saa zake. Maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa kama saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiendi mbali, na saa zimepinduka: asubuhi ile ile ya saa nne unakuta maji yamejaa. Kutoka siku moja hadi nyingine maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mtu aliye Dodoma anaweza kuipanga Jumamosi yake ya Pangani kwa kutazama angani, kisha akahakikisha kwa mvuvi atakapofika. Muulize, "Leo maji yanatoka saa ngapi?" Atakujibu bila kuangalia simu.

Usione nakazania sana jambo hili. Siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, na ufuko wa hapa ni tambarare, kwa hiyo mita hizo za kimo zinakuwa uwanja mzima wa mchanga ambao asubuhi upo na alasiri haupo. Mwaka mmoja nilitoka na mwanangu saa tano, mchanga umetanda, tukaokota makombe mpaka tukasahau tulikotoka. Tulipogeuka, maji yalikuwa yameshafika kwenye mizizi ya miti. Tulirudi kwa kupita juu, vichakani, yeye mgongoni, viatu vyangu mkononi, miiba inachana nguo. Tangu siku ile kanuni yangu ni moja: natoka maji yakiwa yanakupwa, na yanapogeuka tu nami nageuka. Sisubiri yaniguse miguu.

Hapo mlangoni usiogelee wakati maji yanatoka, hata kama unajua kuogelea vizuri. Bahari inavuta, mto nao unasukuma nyuma yake. Ukitaka kuoga, sogea ufukweni mbali na mto, maji yakiwa yamejaa na kutulia.

Sasa mto wenyewe. Unaweza kukaa Pangani wiki nzima bila tone la mvua, lakini ukakuta mto mwekundu na umepanda, kwa sababu maji yake hayakuanzia hapo. Yametoka Kilimanjaro na Meru kwa mito ya Ruvu na Kikuletwa, yakakutana Nyumba ya Mungu, yakaongezwa njiani na Mkomazi na Luengera zinazoleta mvua za Pare na Usambara, yakapita mitambo ya umeme ya Hale, ndipo yakafika hapa baada ya kilomita 500 hivi. Kabla ya kutembea kandokando ya mto, basi, usiulize mvua ya Pangani peke yake. Uliza na ya Korogwe, huko juu ya mto. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za chini ya minazi huwa tope la kunyonya magurudumu ya bodaboda. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ninayoipenda, ingawa kusi hupuliza na mchanga huingia hadi kwenye chakula. Januari na Februari kunatembeka, lakini kwa joto lile maliza kabla ya saa nne, ukapumzike.

Ukipanda juu ya mto, maji ya chumvi yakishakwisha, kaa mbali na ukingo. Mamba wapo. Wenyeji wanajua pa kuchotea maji na pa kufulia, na wanajua kwa nini hapo na si hatua kumi pembeni. Wafuate. Usichuchumae ukingoni kunawa mikono, na watoto wasitangulie. Kwenye vidimbwi vya maji baridi yaliyotulia kuna hofu ya kichocho, hivyo kukatiza na maji magotini kwa sababu tu unaona uvivu wa kuzunguka si ujanja.

Viatu watu huniuliza sana, na jibu langu huwakera waliokwisha kununua vya gharama. Raba kuukuu zenye kamba zinatosha. Ndala haifai kabisa: tope la mikoko huing'ang'ania, wewe ukavuta mguu, yenyewe ikabaki chini. Kwenda peku ndiyo mbaya zaidi, maana chaza hunata kwenye mizizi na magamba yao hukata kama wembe. Utaona mizizi ya mkoko imejipinda kama miguu ya kaa, na ile ya mchu, aina nyingine ya mikoko, imechomoza topeni wima kama kalamu zilizopandwa. Ile ya mchu ndiyo pumzi ya mti, usiikanyage. Ukitaka kuiona mikoko bila kuchafuka, kodi mtumbwi maji yakijaa. Hapo hata anayeona haya kutembea anafaidi: yangeyange weupe wamejipanga matawini, na mdiria anapiga mbizi mbele yako.

Upande wa juu njia nyingine zinapita kwenye mkonge. Mmea huu una historia yake hapa: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na mashamba makubwa ya Tanga yakaanzia kwenye miche hiyo. Kwa mtembeaji, kikubwa ni ncha ya jani. Iko kwenye kimo cha jicho la mtoto na ni kali kama sindano ya gunia. Tembeeni katikati ya njia, mtoto ashikwe mkono, kofia ishushwe.

Mavazi ni jambo jepesi lakini lina uzito wake mjini. Pangani ni mji wa Kiislamu wa zamani. Kaptura ya ufukweni ibaki ufukweni. Ukiingia mitaani kanga moja inamaliza kazi, na inakufaa pia kwa kukalia, kujifutia na kujikinga jua. Amkia. Wazee waliokaa barazani huwapiti kimya, na ukiwapa shikamoo watakuonyesha njia ambayo ramani ya simu haina. Usipige picha watu wakishusha samaki bila kuomba. Ijumaa adhuhuri usitegemee kupata mtu wa kukuongoza au kukuvusha haraka.

Vingine ni vya kawaida, nitavipitia mbio. Maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu, hata kama unaamini utapata madafu, maana mkwezi naye ana siku zake. Noti ndogo ndogo, kwa sababu muuza dafu hana chenji ya elfu kumi. Simu iwe na chaji na ikae kwenye kopo lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, usije nayo. Shati la mikono mirefu na dawa ya mbu, kwani giza likianza kuingia mikokoni utajua mbu wanalala wapi. Mtu mmoja aliyebaki nyumbani ajue umeelekea wapi na utarudi saa ngapi.

Na kama utavuka kwenda Bweni kuutazama mlango wote wa mto kutoka juu, uliza safari ya mwisho ya pantoni kabla hujapanda, si ukiwa ng'ambo. Ukivushwa kwa mtumbwi, patana bei ya kwenda na kurudi, lakini lipa ya kwenda tu. Ya kurudi ibaki mfukoni mwako. Utashangaa mpiga kasia atakavyokusubiri.