SOMO: Saikolojia na kriminolojia pamoja chuo kikuu, bila kukwama mwaka wa mwisho

Matokeo ya UACE (mtihani wa kumaliza kidato cha sita hapa Uganda) yakitoka, swali hili hurudi kila siku: nitasomaje saikolojia na kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, kwa pamoja? Naliandika hapa mara moja. Someni hadi chini kabla ya kuuliza.

1. Uwe na prinsipo mbili (ufaulu wa ngazi kuu katika masomo mawili ya UACE) za kikao kimoja cha mtihani.

2. Angalia programu yenyewe kwenye tovuti ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE). Chuo chaweza kuwa na kibali halali huku ithibati ya programu unayoitaka imeisha muda.

3. Jina la shahada lisikuvutie. Omba orodha ya kozi za miaka yote. Utafute takwimu, mbinu za utafiti, saikolojia ya jamii, magonjwa ya akili, nadharia za uhalifu na sheria ya jinai. Kama takwimu hazimo, tafuta programu nyingine, kwa sababu hutaweza kusoma hata ripoti ya mwaka ya uhalifu ya polisi. Ripoti ile huhesabu kesi zilizoripotiwa tu. Idadi ikipanda, huenda uhalifu umeongezeka, au watu wameanza kuiamini polisi na kwenda kuripoti.

4. Tumia daftari moja kwa masomo yote mawili: kushoto saikolojia, kulia kriminolojia. Mada ikiwa wizi wa vijana, kushoto andika mwanasaikolojia Bandura na kujifunza kwa kuiga. Kulia andika wanakriminolojia wawili: Sutherland, anayesema uhalifu hufundishwa na watu wa karibu, kisha Hirschi (1969), anayeuliza kwa nini wengi wetu hatuibi. Mtihani wa saikolojia hautosheki na jibu la "umaskini", na wa kriminolojia hautosheki na "alikuwa na hasira".

5. Ruhusa ya utafiti gerezani, kwa tasnifu ya mwaka wa mwisho. Hapa ndipo wengi huanguka. Barua ya mkuu wa idara haifungui lango la Luzira, gereza kubwa la Kampala. Pendekezo lako lipitishwe kwanza na msimamizi, kisha na kamati ya maadili ya utafiti, kisha lisajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST), ndipo uombe kibali makao makuu ya Magereza. Kila ofisi huweza kukurudishia karatasi kwa kosa dogo, kwa mfano kichwa cha utafiti kutofautiana kwenye nyaraka mbili. Anza mwaka mmoja kabla. Yazingatie haya:

– Usikusanye data kabla ya kibali. Kamati haiidhinishi kazi iliyokwisha kufanyika, na data hiyo utaitupa.
– Mwambie mfungwa wazi kwamba kushiriki hakutampunguzia kifungo, na kukataa hakutamdhuru. Askari akisimama pale pale, ridhaa hiyo si ya hiari.
– Mahabusu usimuulize juu ya kosa analoshtakiwa. Kesi bado iko mahakamani, na wewe huna kinga ya siri aliyo nayo wakili wake.

6. Andika tasnifu, sahihisha, wasilisha.

MASWALI

Mwanachama, Mbale: Mwalimu, nikimaliza nitakuwa daktari wa akili?
Jibu: Hapana. Daktari wa akili husomea udaktari kwanza. Hata mwanasaikolojia tiba huhitaji shahada ya uzamili yenye mafunzo ya vitendo.

Mwanachama, Jinja: Nitumie notisi zote za mwaka wa kwanza.
Jibu: Situmi. Rudi hatua ya 4.

Mwanachama, Lira: Kaka, msimamizi wangu alisema ruhusa ni jambo dogo. Unatutisha bure.
Jibu: Sitishi mtu. Muulize ni nani atakayesaini barua ya kukuingiza gerezani, kisha uhesabu miezi uliyobakiwa nayo.

Mwanachama, Fort Portal: Shikamoo mwalimu. Masomo haya mawili hukutana wapi hasa mahakamani?
Jibu: Marahaba, dada. Swali zuri sana. Anza na ushahidi wa macho, yaani wa shahidi aliyeona tukio mwenyewe. Mwaka 1974 wanasaikolojia Loftus na Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali. Walioulizwa mwendo wa magari "yalipobamizana" walikadiria zaidi ya maili 40 kwa saa, na walioulizwa "yalipogusana" walikadiria chini ya 32. Neno moja tu. Sasa soma hukumu ya Abdalla Nabulere, ya Mahakama yetu ya Rufaa. Inamtaka hakimu apime shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na kama walifahamiana. Kwa kila kigezo, tafuta utafiti mmoja wa kumbukumbu unaokiunga mkono au kukipinga. Hapo una kichwa kizima cha tasnifu, wala hutahitaji kumhoji mfungwa yeyote.

Mwanachama, Gulu: Na kwa watoto?
Jibu: Kwa sheria ya Uganda mtoto wa chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai. Aliye juu ya hapo na bado mtoto, ukitaka kumhoji kwa utafiti, pata ridhaa ya mlezi na kukubali kwake mwenyewe. Akisema hataki, umeishia hapo, hata mlezi akiwa ameshasaini.

Mwanachama, Arua: Nyongeza: simu huachwa langoni. Chapisha maswali yako, beba kalamu mbili. Kinasa sauti kitajwe ndani ya barua ya kibali, la sivyo nacho kitabaki langoni.
Jibu: Kweli kabisa. Na nakala za fomu ya ridhaa ziwe kwa lugha wanayoisoma. Wafungwa wa Luzira hawatoki Buganda pekee.