WhatsApp, Telegram au Signal? Fundi simu anajibu

Hapa kibandani Morogoro haiishi wiki bila mteja kuniuliza, "Fundi, ipi salama?" Na simu yenyewe iko wazi mezani, haina hata nywila. Kwa hiyo nami humuuliza kwanza: unamficha nani? Mwizi wa laini, mtu wa nyumbani, kampuni au dola? Kila mmoja ana mlango wake.

Tuanze na WhatsApp, maana ndiyo kila mtu anayo. Tangu 2016 ujumbe na simu zake zimefumbwa mwisho hadi mwisho, yaani ni wewe na unayewasiliana naye tu mnaoweza kuzisoma au kuzisikia, kwa mfumo uleule wa Signal. Meta, wenye WhatsApp, hawasomi unachomwandikia shemeji yako. Ila wanajua unawasiliana na nani, saa ngapi, na uko kwenye magrupu gani. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye bakapu. Nakala inayokwenda Google Drive haifumbwi hivyo mpaka uwashe mwenyewe: Mipangilio, Soga, Hifadhi nakala, kisha chagua ufumbaji na uweke nywila. Nywila hiyo iandike kwenye daftari, kwa sababu ukiisahau hakuna wa kukurudishia, hata mimi.

Telegram watu wengi wanaiona ya siri kuliko zote. Si kweli. Soga za kawaida na magrupu yote yanakaa kwenye seva zao, na ufunguo wanao wao. Kwa upande wa ujumbe, kinachofumbwa mwisho hadi mwisho ni soga ya siri tu, nayo unaifungua kwa makusudi na mtu mmoja mmoja. Baada ya mwenye kampuni, Pavel Durov, kukamatwa Ufaransa Agosti 2024, walitangaza kwamba watatoa namba ya simu na anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye intaneti) ya mvunja sheria wakiombwa kihalali. Kwa kupakua muvi, endelea nayo. Mambo ya mahakamani au ya hospitali usiyaweke huko.

Signal ndiyo ninayoiamini. Inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida. Mahakama ya Marekani ilipowadai taarifa za wateja mwaka 2016, walichokuwa nacho ni tarehe ya kufungua akaunti na siku ya mwisho kuingia, basi. Tangu 2024 unaweza kumpa mtu jina la mtumiaji badala ya namba. Kasoro yake ni moja: ukiipakua, utamkuta nani humo? Wavute wale wawili watatu unaoongea nao mambo mazito.

SMS ya kawaida haijafumbwa mwisho hadi mwisho, kampuni ya simu inaweza kuisoma.

Sasa kinachoumiza watu kweli. Aliwahi kuja dada mmoja, mume anajua kila anachoandika. Tukabonyeza vidoti vitatu kwenye WhatsApp yake, tukaingia Vifaa vilivyounganishwa: Google Chrome, Windows, imetumika leo asubuhi. Kompyuta hana. Mtu alishika simu yake dakika moja tu, akaskani ile QR ya kuunganisha WhatsApp na kompyuta. Tukakiondoa. Angalia hapo mara kwa mara, Telegram na Signal pia wana ukurasa huo.

Halafu weka PIN ya hatua mbili kwenye WhatsApp, na kwenye Signal washa kufuli ya usajili. Mtu akiirenew laini yako kwa ujanja, msimbo wa SMS utamfikia yeye, lakini PIN hana. Msimbo wa tarakimu 6 usimtumie mtu yeyote, hata kama ni mwenyekiti wa kikoba ndiye anayeuomba. Inawezekana kabisa ameshaibiwa akaunti.

GB WhatsApp, ile nakala isiyo rasmi, ifute leo. Si ya Meta, aliyeitengeneza humjui, na soga zako zote zinaweza kupita mkononi mwake.

Na ukileta simu kubadilisha kioo, usiniachie nywila. Nikimaliza nitakupigia kwa namba nyingine, uje uifungue mwenyewe tujaribu tachi.