Mtoto kaenda depo: namna wazazi tunavyoweza kushikana mkono

Wazazi wenzangu, hii naiandika kwa ajili ya yule aliyemsindikiza mtoto juzi kwenda depo, yaani mafunzo ya awali ya jeshi, akarudi nyumbani, akaona viatu vyake mlangoni akashindwa hata kuvisogeza. Mimi nimepeleka watoto wawili. Wa kwanza alipoenda nilijifungia peke yangu na huzuni yangu nikaumwa kabisa, wa pili alipoenda nilikuwa na wazazi wenzangu watano tumeshikana, na tofauti yake ni mbingu na ardhi. Kwa hiyo nasema tulichofanya, we chukua kinachokufaa.

Tafutaneni mapema, kabla watoto hawajaondoka. Siku ile ya kusindikiza ndo nzuri maana wazazi wote mko pale mmesimama na mabegi hamjui muangalie wapi, ukiona mtu anajifuta macho pembeni msogelee, mwambie na wangu anaenda leo, mpeane namba. Grupu la WhatsApp la watu mia mbili halisaidii sana, linajaa kelele na mwenye shida kweli anapita bila kuonekana. Watano mpaka kumi wanatosha. Alafu ndani ya hao kila mmoja awe na mwenzake mmoja, yule ambaye unaweza kumpigia saa nane usiku na ukasema tu, sijalala.

Kuna fomu ambayo kuruta, yaani askari anayeanza mafunzo, anajaza jina na namba ya ndugu wa karibu. Likitokea jambo kubwa, huyo ndo anayepigiwa, sio grupu wala jirani. Kwahiyo kumbushaneni: mtoto aandike namba inayopatikana, sio ile laini uliyoacha zamani, na akariri namba mbili kichwani, kwa sababu sehemu nyingi simu zinakusanywa siku ya kwanza na watoto wetu namba zote wamezihifadhi humo humo.

Baada ya hapo kinakuja kimya, na hiki ndo kinachotumaliza. Urefu wa mafunzo ya awali unatofautiana, kuruta wa jeshi la nchi kavu la Marekani anakaa wiki kama 10, wa Marines, askari wao wa majini, wiki 13, kwingine ni miezi kadhaa, lakini mwanzo unafanana karibu kila mahali: kunyolewa, sare, kuamshwa alfajiri, kwata, kukimbia, na mawasiliano ya nyumbani yanabanwa makusudi ili wajifunze kutegemeana wao kwa wao. Simu ya kwanza ikija inaweza kuwa ya dakika moja tu, sauti imekauka kwa kuitikia amri, mtoto anaongea harakaharaka kama anasoma. Kuna majeshi ambayo kweli anasoma, maneno yameshaandikwa. Mimi sikujua hilo kwa wa kwanza, nililia siku mbili nikidhani mwanangu kanichukia. Mzazi aliyepitia awaambie wenzake mapema kabisa hiyo simu inavyokuwa, hata kama hawajauliza.

Na simu ikiingia kwako, wakati mwenzako hajapata chochote wiki ya tatu hii? Usiirushe kwenye grupu na makofi. Mpigie kwanza yule ambaye hajapata, mwambie wangu amepiga, na kama mwanao alitaja kombania yao, yaani kikosi walichopangiwa, ipo wapi au wanafanya nini mpe hiyo habari, maana kama wako kambi moja inamhusu na yeye pia. Mama mmoja wa kwetu alikaa wiki sita bila neno huku sisi wote tumeshapigiwa, kilichombeba ni mwenzake kumpitia kila jioni wakatembea pamoja, hawaongei hata sana.

Tuliweka sheria moja tu ngumu: hakuna kupost kitu umesikia kwa mtu kasikia kwa mtu. Ukileta habari sema imetoka wapi, kama huwezi kusema basi usiilete, kwa sababu sentensi moja ya "nasikia kuna kuruta ameanguka" inawatesa wazazi wote usiku kucha na asubuhi unakuta hakuna kitu. Hapo hapo muwe macho na matapeli. Wanajua mna hofu, anapiga mtu anajiita afande, mwanao kaumia, tuma hela ya matibabu sasa hivi. Usitume, kata simu, mpigie mwenzako, alafu ulizeni kambini kwa namba rasmi mliyopewa. Picha na mahali walipo watoto, ratiba zao, msiviweke hadharani.

Barua kama zinaruhusiwa andikeni sana. Jina kamili, kombania na platuni, kile kikundi kidogo ndani ya kombania, sawasawa kama alivyowapa, na uziwekee namba juu, 1, 2, 3, kwa kuwa zinaweza kufika zimepishana. Andika vitu vidogo vya nyumbani, nani kakusalimia, mdogo wake kafanya nini. Usiandike nakufa kwa kukumiss, rudi, kwa sababu anaisoma usiku amechoka, miguu ina malengelenge, na hawezi kufanya lolote kuhusu machozi yako. Hayo machozi yalete kwetu, ndo kazi yetu. Mkikaa pamoja kuandika inakuwa rahisi, asiyejua aanzie wapi anasaidiwa. Kukitokea msiba au ugonjwa mkubwa usimwandikie kwenye barua, wasiliana na uongozi wa kambi wamwambie kwa utaratibu wao, na mzazi mwenzako awe pembeni yako wakati unapiga.

Akina baba nao. Wengi wananyamaza, anasema mtoto wa kiume lazima akomae, huku anaamka usiku kukagua simu. Msimlazimishe kuongea, mpeni kazi, awe ndo wa kufuatilia usafiri wa siku ya paredi au awapigie akina baba wenzie. Na kama wewe na mwenzio mnaumia tofauti, mmoja analia mwingine anafyeka majani, msipimane nani anampenda mtoto zaidi.

Sasa hili nalishikilia kuliko yote. Kuna mtoto atarudi kabla ya mwisho. Kuna wanaopata nyufa za mifupa ya miguu kwa kukimbia na kubeba mizigo, kuna wanaoumwa, kuna ambao nafsi imekataa tu. Kwetu alirudi mmoja kwa ajili ya goti na wazazi wake wakatoka kwenye grupu usiku huohuo bila kuaga, na sisi tukaacha ipite siku nne ndo tukawapigia, jambo linaloniuma mpaka leo. Msifanye hivyo. Nendeni siku hiyohiyo, msiulize kwa nini, msiseme Mungu ana mipango mingine, kaeni nao, na mtoto msalimieni kama kijana aliyetoka safari ngumu. Wabaki kwenye grupu.

Paredi ikifika pangeni safari pamoja. Mtamkuta mtoto amekonda au amejaza mabega, anajibu ndiyo mama kwa sauti mpya, anakula haraka mno na anasinzia katikati ya mazungumzo. Mwacheni alale, sherehe ya watu wengi isubiri. Wiki moja kabla, kama mna njia ya kuongea naye, muulizeni: kwenye platuni yenu nani hana mtu wa kuja? Huwa yupo. Chukueni jina lake, mgawane, na gwaride likishavunjwa mmoja wenu aende moja kwa moja kwake kabla hajabaki amesimama peke yake pale uwanjani.