Chungu cha jikoni na chungu cha sebuleni: usivichanganye

Mimi chungu sikinunui kabla sijakigonga. Nikienda Matema, kando ya Ziwa Nyasa, ambako vyungu vya Wakisi huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, nakining'iniza kwa vidole viwili, nakigonga kwa kifundo. Kikilia kama kengele, kimeiva na hakina ufa. Kikiitika kama debe lililojaa mchanga, nakirudisha, hata kiwe na nakshi za namna gani.

Nakshi zenyewe si kosa. Zile za Wakisi ni udongo mwekundu na mweupe, hupakwa kabla ya kuchoma, moto ukavipika pamoja. Hicho pikia tu. Ogopa rangi ya dukani iliyopakwa chungu kikishatoka motoni. Dondosha tone la maji ubavuni (mate pia yanafaa, usione haya). Udongo mtupu utalinywa. Juu ya vanishi litasimama. Nilipohamia Mbeya nilibandika maharage kwenye kimoja cha rangi. Kabla hayajaiva, jiko zima linanuka gereji na chungu kimetoka malengelenge.

Kisha tazama kitako. Cha mviringo hukaa vizuri kwenye mafiga na moto hukizunguka. Chenye kitako bapa na kona kali hupasuka hapohapo kwenye kona, basi kipeleke sebuleni. Ukibaki na shaka, muulize aliyekifinyanga: "Mama, hiki cha moto au cha maua?" Hatakudanganya, kikipasuka utamrudia.

Chungu kipya cha kupikia kiloweke usiku kucha, ukianike kivulini kikauke. Siku ya kwanza pika uji mwepesi kwa moto mdogo wa mkaa, uache upoe humohumo, kisha umwage. Wanga wa uji huziba vitundu vya udongo, chungu kikaacha kuvuja. Mimi hurudia mara mbili. Baada ya hapo usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto, wala usikioshe kwa sabuni: udongo huinywa, kesho utaionja kwenye mchuzi. Maji ya moto na dodoki vinatosha.

Bakuli linalong'aa kama kioo, usilojua limepakwa nini, liwekee ndizi. Ukwaju, limau na achari huweza kunyonya madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye mng'ao huo.

Chungu cha maua kitie kopo ndani, maji yakae humo. Meza yangu ya mninga ina duara jeupe ambalo nimelisugua mpaka nimechoka.

Mtungi wa maji, huo usiuzibe kwa uji. Unatakiwa utoke jasho, maana maji yanayopenya nje na kukauka ndiyo yanayopoza yaliyobaki ndani. Mume wangu aliupaka wetu rangi ya kijani wakati wa Krismasi, ati upendeze. Ulipendeza kweli. Sasa tunawekea miavuli.