Kupima uzito na kiuno huku milimani, kwa wenzangu mnaoanza

Mzani kwanza. Huku kwetu Lushoto uwanja ulio sawa ni wa kutafuta, na mzani ukikaa kwenye udongo ulioinama unasema uongo. Natembea na kipande cha ubao mgumu. Nakikalisha vizuri chini, naweka mzani juu, nahakikisha sindano iko kwenye sifuri, ndipo namwita mtu. Viatu na koti la baridi vivuliwe. Kina bibi waombe wafungue pindo la khanga, maana sarafu na funguo hukaa humo.

Kimo kipimwe ukutani: visigino viguse ukuta, macho yatazame mbele, kilemba kivuliwe. Mama wa kilo 74 mwenye mita 1.56, zidisha 1.56 mara 1.56, kisha gawa 74 kwa jibu hilo, unapata 30.4, ndiyo BMI, yaani uwiano wa uzito na kimo. Hicho ni kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, kinachoanzia 30. Mwachie kilemba asome 1.60, atashuka hadi 28.9.

Kiuno ndicho kinachonitoa jasho. Mzee mmoja, miguu myembamba kabisa, nilimwamkia shikamoo nikamweleza ninachotaka kupima. "Marahaba. Mwanangu, mimi mnene? Kiuno changu 34." Alikuwa ananisomea lebo ya suruali ya mtumba, nayo suruali hufungwa chini ya kitambi! Inchi 34 ni kama sentimita 86. Futi kamba yangu ikasoma 101.

Papasa ubavu wa mwisho, kisha juu ya mfupa wa nyonga. Katikati yake ndipo pa kupima, kitovu usikifuate. Futi izunguke bila kupanda mgongoni, iguse ngozi isiibane. Watu huvuta tumbo ndani wakiona kalamu. Mimi huuliza habari za shamba. Akimaliza kujibu, pumzi imeshatoka yenyewe, nasoma hapo hapo. Rudia mara ya pili, na vipimo vikipishana zaidi ya sentimita 1, anza upya. Futi ya fundi cherehani hutanuka ikizeeka, kwa hiyo ilinganishe na rula kila mara.

Hatari ya magonjwa kama presha na kisukari huanza kupanda kwenye sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi zikipita 102 na 88. Mjamzito usimpime kiuno. Kama wewe ni mwanaume na unayempima ni mwanamke, mpe futi mwanamke mwenzake azungushe, wewe andika.

Namba usiitangaze mbele ya watu. Huku mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, na akikonda yanaanza maneno ya maradhi, kwa hiyo ukimwambia tu "punguza mwili" atakuona unamtakia mabaya. Zungumza naye pembeni, anza na presha.

Yule mzee nilimwandikia 101 kwenye karatasi aende nayo zahanati, wampime presha na sukari. Aliikunja, akaitia mfukoni mwa suruali ile ile ya 34.