Kutoka Katalogi hadi Chapa ya 1517: Namna ya Kutafiti Renesansi na Matengenezo ya Kanisa Maktabani

Mwanafunzi akija kwenye dawati la marejeo kuniambia kwamba anatafuta vitabu vya Luther, huondoka na furushi la vitabu vizito, na baada ya wiki mbili hurudi akiwa hana hata aya moja aliyoiandika. Nimeliona jambo hili mara nyingi kiasi kwamba sasa, kabla sijafungua katalogi, namwuliza kwanza anataka kujua nini hasa. Katika mwongozo huu nitachukua swali moja tu na kulisindikiza hatua kwa hatua: je, ni kweli kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mtawa Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, alipigilia hoja zake 95 kwenye mlango wa kanisa la ngome mjini Wittenberg? Nimelichagua kwa sababu karibu kila mtu anadhani analijua jibu, na kwa sababu kulifuatilia kunamlazimu mtafiti kuigusa karibu kila zana ambayo maktaba inayo kwa kipindi hicho.

Hatua ya kwanza: Punguza mada

Mada kama "athari za Renesansi kwa dini" haitafutiki katika katalogi yoyote. Ipunguze mpaka ibaki na mtu, mahali na mwaka. Swali letu tayari lina vyote vitatu, nalo lina faida nyingine, kwamba linauliza juu ya tukio ambalo ama lina shahidi ama halina.

Hatua ya pili: Anza na ensaiklopidia

Watafiti wengi huona haya kuanzia hapa, lakini saa moja ya kusoma ensaiklopidia ya kitaalamu huokoa siku tatu za kubahatisha. Kwa upande wa Matengenezo, tafuta The Oxford Encyclopedia of the Reformation ya mwaka 1996, yenye juzuu 4. Kwa upande wa Renesansi, yaani ule mwamko wa elimu na sanaa wa Ulaya, tafuta Encyclopedia of the Renaissance ya mwaka 1999, yenye juzuu 6. Usisome makala yote kwa usawa. Pita haraka katika maelezo ya jumla, kisha tulia kwenye orodha ya vitabu iliyo mwishoni, ambako mwandishi hutenganisha maandishi ya wakati ule na vitabu vilivyoandikwa baadaye juu yake. Nakili vifupisho vyote utakavyovikuta, kama WA, CR, LW na CWE, kwa maana tutavihitaji katika hatua ya tano.

Hatua ya tatu: Jifunze majina ambayo katalogi inayatambua

Hapa ndipo utafiti mwingi hukwama. Jambo la kwanza ni kutofautisha maandishi ya mtu na maandishi kumhusu mtu huyo. Ukiandika "Luther, Martin, 1483-1546" katika kisanduku cha mwandishi, utapata alichokiandika mwenyewe. Ukiliandika jina hilohilo katika kisanduku cha mada, utapata waliyoyaandika wengine juu yake. Ukitumia kisanduku cha jumla, hivyo viwili vitachanganyika, na hapo ndipo lile furushi la vitabu linapotokea.

Jambo la pili ni kwamba wasomi wa kizazi kile walipenda kuyavisha majina yao nguo za Kigiriki na Kilatini. Philipp Schwarzerdt, mwenzake Luther huko Wittenberg, ambaye jina lake la ukoo lina maana ya udongo mweusi, alijulikana kwa Kigiriki kama Melanchthon, na ndivyo katalogi zinavyomjua mpaka leo. Luther mwenyewe alizaliwa katika ukoo ulioandikwa Luder, na barua ya tarehe 31 Oktoba 1517, ambayo tutaifikia, ndiyo ya kwanza kati ya zilizosalia aliyoitia sahihi kwa jina la Luther. Miji nayo ina majina ya Kilatini: Lipsia ni Leipzig, Basilea ni Basel, Lutetia ni Paris, Argentoratum ni Strasbourg, na Lugdunum peke yake ni Lyon ilhali Lugdunum Batavorum ni Leiden, tofauti ya neno moja inayoweza kukuhamisha kutoka Ufaransa hadi Uholanzi. Hifadhidata ya bure iitwayo CERL Thesaurus hukusanya sura zote za jina moja la mtu au la mji, nami huiacha wazi kwenye kompyuta muda wote ninapofanya kazi ya karne ya 16.

Jambo la tatu ni tahajia, ambayo wakati ule haikuwa na sheria. Mfano unaotugusa watu wa pwani ni wa Balthasar Sprenger, wakala wa wafanyabiashara wa Kijerumani aliyesafiri na meli za Mreno Francisco de Almeida na kushuhudia Kilwa na Mombasa zikishambuliwa na kuporwa mwaka 1505. Taarifa yake ilichapwa mwaka 1509, na katika jina la kitabu limo neno "Merfart". Anayeandika "Meerfahrt", kama Mjerumani wa leo angeandika, anaweza asikione. Na mwandishi mwenyewe huandikwa Sprenger mahali pamoja na Springer mahali pengine. Kwa hiyo jaribu kila sura ya jina, na pale mfumo unaporuhusu, weka nyota baada ya shina la neno ili miisho yote ijitokeze.

Hatua ya nne: Tembelea rafu mbili, si moja

Maktaba inayotumia mpango wa Dewey huweka historia ya Kanisa ya kipindi hiki kwenye 270.6, na historia ya jumla ya Ulaya ya wakati wa Renesansi kwenye 940.21. Inayotumia mpango wa Library of Congress huyaweka Matengenezo kuanzia BR 300 na kuendelea. Mgawanyo huo unafaa kwa mpanga vitabu, lakini unampotosha mtafiti, kwa sababu watu wenyewe hawakuishi katika rafu mbili. Mwaka 1440 mwanazuoni wa Kiitalia Lorenzo Valla alionyesha, kwa kuchunguza Kilatini chake, kwamba ile hati iliyodaiwa kuwa zawadi ya Mfalme Konstantino kwa Papa ilikuwa ya kughushi. Msomi wa Kijerumani Ulrich von Hutten akaichapisha upya kazi hiyo, na Luther akaisoma mwezi Februari 1520, akashtuka. Valla utamkuta kwa watu wa Renesansi na mshtuko wa Luther utaukuta kwa wanateolojia, na aliyekaa upande mmoja hawezi kuliona daraja hilo.

Vichwa vya mada katika katalogi za vyuo vyetu vingi bado viko kwa Kiingereza, kwa hiyo vitumie kama vilivyo. Neno moja lina thamani kuliko mengine yote, nalo ni "Sources", linalowekwa mwishoni mwa kichwa cha mada, kama katika "Reformation--Germany--Sources". Likiwapo, fahamu kwamba kitabu hicho kina maandishi ya watu wa wakati ule wenyewe.

Hatua ya tano: Ingia katika matoleo ya kihakiki

Toleo la kihakiki ni lile ambalo wataalamu wamelinganisha nakala zote zilizosalia na kuonyesha tofauti zake katika tanbihi. Kwa Luther ni toleo la Weimar, lililoanza kuchapishwa mwaka 1883 na kukamilika mwaka 2009, ambalo hufupishwa WA. Ukikuta WA peke yake pamoja na namba, ni maandishi yake. WA Br ni barua, WA TR ni mazungumzo ya mezani yaliyonukuliwa na wageni wake, na WA DB ni Biblia yake ya Kijerumani. Mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo huomba juzuu la 1, akapewa vitabu vinne tofauti, akadhani mkutubi anamtania. Kwa Melanchthon na Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva, kuna Corpus Reformatorum, yaani CR, ambamo juzuu 1 hadi 28 ni za Melanchthon na 29 hadi 87 ni za Calvin. Kwa Erasmus, mwanazuoni wa Renesansi kutoka Uholanzi, barua za Kilatini zilihaririwa na P. S. Allen, na tafsiri ya Kiingereza ni CWE, inayochapishwa Toronto tangu mwaka 1974. Asiyesoma Kilatini wala Kijerumani atumie LW, tafsiri ya Kimarekani ya Luther, lakini aandike na namba ya WA pembeni ili msomaji wake aweze kumhakiki.

Sasa turudi kwenye mlango wetu. Fungua WA Br 1, barua namba 48, ambayo Luther alimwandikia Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz siku ileile ya tarehe 31 Oktoba 1517, na ambayo karatasi yake halisi imehifadhiwa Stockholm; kwa Kiingereza imo katika LW 48. Isome yote. Luther analalamikia wahubiri wa rehema, yaani ile misamaha ya adhabu za dhambi iliyokuwa ikitolewa kwa fedha, na anamwelekeza Albrecht kwenye hoja zake. Lakini juu ya mlango, nyundo au misumari hutaona neno. Kisha fungua CR 6 na usome utangulizi ambao Melanchthon aliuandika mwaka 1546, miezi michache baada ya kifo cha Luther, kwa ajili ya juzuu la pili la maandishi yake ya Kilatini. Humo ndimo habari ya hoja kubandikwa kanisani inapoelezwa. Lakini rudi kwenye ensaiklopidia uliyoisoma, utazame tarehe: Melanchthon alifika Wittenberg mwezi Agosti 1518. Aliyoyaeleza aliyasikia, hakuyaona.

Hatua ya sita: Itazame chapa yenyewe

Hifadhidata mbili za bure zitakufikisha kwenye chapa za zamani. USTC, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha St Andrews, huorodhesha vitabu vilivyochapwa Ulaya tangu mwanzo wa uchapaji. VD16, inayotunzwa na maktaba ya taifa ya Bavaria mjini München, hushughulikia nchi zinazosema Kijerumani katika karne ya 16. Kila ingizo hukuonyesha maktaba zenye nakala, na mara nyingi kiungo cha picha zake.

Ukizitafuta hoja 95 utaona kwamba zimesalia chapa tatu za mwaka 1517, nazo ni za Nürnberg, Leipzig na Basel, na hakuna iliyosalia ya Wittenberg kwenyewe. Kuza picha usome polepole. Herufi s ndefu inafanana na f, u na v hubadilishana nafasi, na kistari juu ya irabu kinasimama badala ya n au m iliyofupishwa. Kisha hesabu hoja. Katika chapa ya Leipzig mpanga herufi alikosea namba, na ya mwisho ikawa 87. Nürnberg na Basel walihesabu kwa mafungu, 25 mara tatu kisha 20. Kwa hiyo hoja maarufu ya 86, inayouliza kwa nini Papa asijenge Kanisa la Mtakatifu Petro kwa fedha zake mwenyewe, katika chapa ya Nürnberg ni ya 11 ya fungu la mwisho. Unapoitaja, taja namba ya WA 1, vinginevyo msomaji wako ataitafuta asiipate.

Hatua ya saba: Makala za wataalamu, mwisho

Ninaziweka mwisho kwa makusudi, ingawa najua wenzangu wengi huzianzia. Aliyekwisha kusoma barua na utangulizi huona mara moja ni nini wataalamu wanachobishania. Mwaka 1961 mwanahistoria Mkatoliki Erwin Iserloh alidai kwamba hoja hazikubandikwa mlangoni kabisa. Mwaka 2006 ukajadiliwa upya mwandiko wa Georg Rörer, karani wa Luther, unaotaja milango ya makanisa kwa wingi, ingawa Rörer naye hakuwa Wittenberg mwaka 1517. Majibizano hayo yafuatilie katika Archiv für Reformationsgeschichte, The Sixteenth Century Journal na Renaissance Quarterly. Kama chuo chako hakijalipia, mwombe mkutubi akutafutie makala hiyo kwa maktaba nyingine, ukimpa jina la jarida, mwaka, juzuu na kurasa.

Hatua ya nane: Andika ulichokiona na ulipokiona

Kwa kila ulichokisoma, andika kifupisho cha toleo, juzuu, ukurasa na mstari, na kama ulitumia picha ya chapa, andika namba ya USTC au VD16 pamoja na jina la maktaba yenye nakala hiyo. Kwa swali letu daftari litakuwa na safu tatu: nani anasema, aliandika mwaka gani, na alikuwa wapi mwaka 1517. Luther, 1517, Wittenberg, hataji mlango. Melanchthon, 1546, alikuwa Tübingen, anataja kanisa. Rörer, hakuwa Wittenberg, anataja milango ya makanisa. Sura yako ya kwanza unaweza kuianza kuiandika hapo.