Ukipewa kuongoza shirika la dini, anza na pesa

Iwe ni kituo cha yatima, zahanati ya kanisa au taasisi ya msikiti, ukishika uongozi anza na pesa kwanza, mana mimi naona hapo ndo mashirika mengi ya dini yanapovunjikia. Shida yetu tunaaminiana mno, mtu akiuliza risiti anaonekana hana imani, wakati vitabu vyenyewe vinataka uwazi, Suratul Baqara aya ya 282 inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo, na Paulo kwenye 2 Wakorintho 8:20 alijihadhari asije akalaumiwa kwa ule mchango aliokuwa anausimamia.

Sasa sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili na wasiwe ndugu, hapohapo kabla haijatoka chumbani. Jumla iandikwe kwenye fomu, wote wasaini, kopi moja kwa katibu nyingine kwa mweka hazina, halafu pesa iende benki yote kama ilivyo na slipu ya benki ilinganishwe na ile fomu. Msichomoe hata nauli ya anayepeleka! Matumizi yatoke kwenye akaunti, na anayeidhinisha malipo asiwe huyohuyo anayeandika vitabu.

Pesa iliyochangwa kwa kazi maalum msiiguse kwa kazi nyingine, hata mishahara ikichelewa. Zaka ina makundi yake 8 ya wanaopewa kwenye Suratut Tawba aya ya 60, na mfadhili aliyetoa ya kisima anataka kisima, mkikwama mrudieni mumuombe ruhusa kwa maandishi.

Kwenye bodi, kiongozi wa kiroho asiwe mwenyekiti, mkurugenzi na msaini hundi kwa mpigo, waumini wanamheshimu kiasi kwamba hakuna atakayemwambia hapana. Tafuteni mhasibu, mwanasheria, na wanawake wenye sauti kweli. Ndugu wa mjumbe akiomba tenda, mjumbe aseme mapema, atoke nje wakati wa kuamua na iandikwe kwenye muhtasari.

Na msaada usiwe chambo. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinakataza kutumia msaada kueneza msimamo wa dini, kwa hiyo mwenye njaa apewe chakula bila kuulizwa anasali wapi.

Wanaojitolea kufanya kazi na watoto wachunguzwe kabla ya kuanza, hata kama ni mtoto wa mchungaji au wa imamu. Ripoti ya mapato na matumizi isomwe mbele ya waumini kila miezi mitatu na maswali yaruhusiwe papohapo.